Nyuki Mia Tatu na Sahani Nyeupe

Kidudu cha rangi ya kutu kinachokimbia juu ya kichwa au mgongo wa nyuki kwa kawaida si varoa. Ni chawa wa nyuki, jamaa ya nzi aliyepoteza mabawa, mwenye miguu sita, anayedokoa chakula kinywani mwa nyuki na kumdhuru kidogo sana. Varoa ni utitiri. Ana miguu minane, ni bapa kama kaa, na upana wake wa takriban milimita 1.6 unaushinda urefu wake wa 1.1. Akimpanda nyuki hujipenyeza chini ya tumbo, kati ya pingili, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo mfugaji wa Pepa, huko juu kwenye nyanda za Marungu nchini Kongo, akifungua mzinga na kuutazama tu, anaweza kukosea mara mbili kwa mpigo: asiye adui akamhesabu, na adui mwenyewe akampita. Varoa hatambuliwi kwa kutazama bali kwa kuhesabu, na hesabu yake haihitaji maabara. Vifaa vya jikoni vinatosha.

Maumbile yake ndiyo yanayolazimisha hivyo. Utitiri jike huingia katika chumba cha jana muda mfupi kabla nyuki hawajakiziba kwa nta, kisha hutaga humo ndani na wanawe wakamnyonya jana huyohuyo. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba anafyonza damu ya nyuki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba chakula chake kikuu ni tishu ya mafuta, ile inayomsaidia nyuki kuhifadhi nguvu na kupambana na sumu na magonjwa. Mzinga ukiwa na majana mengi, sehemu kubwa ya utitiri wote imo chini ya vifuniko vya nta, na wanaotembea juu ya nyuki ni wachache. Hupenda zaidi majana ya madume, kwa kuwa dume hukaa muda mrefu zaidi chumbani na kuwapa watoto wa utitiri nafasi ya kukomaa. Kwa hiyo nyuki kumi waliotazamwa mlangoni mwa mzinga hawasemi lolote.

Njia iliyozoeleka ni hii. Nyuki wapatao 300, yaani nusu kikombe (mililita 120), huchukuliwa kutoka kwenye sega lenye majana, kwa sababu nyuki walezi ndio utitiri huwaparamia zaidi. Kwanza hakikisha malkia hayumo. Nyuki hutiwa kwenye chupa yenye mdomo mpana, iliyofungwa kwa wavu wa matundu ya milimita 3 hivi: utitiri unapita, nyuki hapiti. Vijiko viwili vya sukari ya unga huingizwa kwa juu, chupa ikabingirishwa polepole kwa dakika moja, ikaachwa itulie, kisha ikageuzwa na kutikiswa kwa nguvu juu ya sahani nyeupe. Sukari huwafanya utitiri wateleze na kuachia. Ukinyunyiza maji, sukari huyeyuka na kinachobaki sahanini ni vidoa vyekundu vya mviringo, vingine vikichezesha miguu. Gawa idadi yao kwa tatu, upate utitiri kwa kila nyuki mia. Nyuki wenyewe hurudi mzingani wakiwa weupe kama waliopita kinuni, na wenzao huwalamba mpaka wakasafika.

Faida ya hesabu ya namna hii ilidhihirika Kenya. Varoa aliripotiwa Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza baada ya kuonekana mwaka 2009, na mwaka uliofuata watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walikagua mizinga katika maeneo 24 ya nchi. Walipima utitiri, ukubwa wa makundi, virusi na mabaki ya dawa za mashambani. Waliukuta utitiri karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini makundi yenye utitiri mwingi hayakuwa madogo kuliko mengine. Jambo la pili ndilo linalomhusu mtu wa Marungu: utitiri uliongezeka kadiri eneo lilivyokuwa juu zaidi kutoka usawa wa bahari. Marungu inapanda mpaka karibu mita 2,460. Kama uhusiano ule wa Kenya unashikilia hata ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika, basi mizinga ya mlimani ndiyo ya kukaguliwa kabla ya ile ya ufukweni Moba au Kalemie.

Kuna pingamizi hapa, tena zito: ikiwa nyuki wa Kiafrika wanamvumilia varoa, kuhesabu kwa nini? Afrika Kusini ilimpata varoa mwaka 1997, wafugaji wengi hawakutumia dawa, na baada ya miaka kadhaa makundi yakatengemaa. Nakubali yote hayo, ila naona yanaunga mkono hesabu badala ya kuibomoa. Habari kwamba nyuki wetu wanavumilia imetokana na watu waliohesabu. Asiye na hesabu yake, kundi lake likihama kwa ukame au kwa siafu, atamwamini wa kwanza atakayemwambia ni varoa na kumuuzia dawa. Dawa za jamii ya piretroidi zilishindwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1990 baada ya utitiri kuzizoea, na mabaki yake hukaa ndani ya nta. Kipimo cha Marekani cha kuanza tiba, utitiri 3 kwa nyuki mia, kiliwekwa kwa nyuki wa Kizungu. Kukihamishia Pepa kama kilivyo ni kumtibu asiyeumwa. Namba yetu kazi yake ni kulinganisha msimu na msimu, mzinga na mzinga.

Pingamizi jingine ni la mikono. Mzinga wa gogo au wa gome hauna fremu za kuinua, na nyuki wetu hawana simile. Ni kweli, na sukari ya unga nayo hushika unyevu wakati wa masika ikawa madonge yasiyoangusha kitu. Badala yake kuna maji ya sabuni: nyuki haohao 300 hutikiswa ndani yake, maji yakachujwa, utitiri wakahesabiwa. Njia hii huua nyuki lakini huangusha utitiri wengi kuliko sukari, na malkia anayetaga vizuri huwafidia kwa siku moja. (Pombe kali pia hufanya kazi, lakini kumwagia nyuki lutuku kutazua kesi kijijini.) Kwa mzinga wa gogo, nafasi nzuri ni siku ya kurina. Sega la madume, lenye vifuniko vilivyotuna kama risasi, hufunguliwa kwa mwiba chumba kwa chumba. Jana aliyegeuka bundo ni mweupe kama maziwa, na utitiri juu yake huonekana kama tone la damu. Chungulia pia ukuta wa chumba: kinyesi cha utitiri huacha madoa meupe mfano wa punje za chumvi.

Onyo moja la kihesabu. Tuseme mzinga mmoja kati ya mitano kijijini una varoa. Ukikagua mitatu, uwezekano wa kutomkuta kabisa ni zaidi ya nusu. Ukikagua kumi, unashuka hadi karibu asilimia 11. Kwa hiyo sahani tupu ya mzinga mmoja haijathibitisha kitu, na ushirika wa wafugaji utapata jibu mapema kuliko mtu mmoja mwenye bidii. Wafugaji wa Pepa, msimu ujao wa kurina kagueni mizinga kumi, vyumba mia vya madume kwa kila mzinga ulio navyo, na andikeni daftarini tarehe, mahali, vyumba vilivyofunguliwa na utitiri waliopatikana, hata kama ni sifuri.