Geuza Sweta Ndani Nje: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri ya Sindano

Ikifika Juni, baridi ya Limuru, Nyahururu, Njombe na Makete haina mzaha. Mafungu ya sweta sokoni huanza kupungua tangu asubuhi, na mnunuzi wa kawaida huchagua kwa vitu viwili: rangi, kisha lebo. Mjuzi hana haraka hiyo. Huishika sweta, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwapa, ndipo akauliza bei.

Ana sababu. Katikati ya sweta ndiko kazi ilipo nyepesi. Vitanzi vinafuatana, mkono unazoea, na hata mwanafunzi wa juzi anaweza kutoa kitambaa cha kupendeza. Ugumu uko pale kitambaa kinapoanza, kinapogeuka, kinapokutana na kipande kingine na kinapokwisha: pindo, shingo, kwapa, ukanda wa vifungo. Mtu anayefuma kwa kujifurahisha, jioni baada ya shughuli zake na bila oda ya mteja, maendeleo yake husomeka hapo. Sweta yake ya kwanza na ya tano zinaweza kuwa na ua lilelile kifuani. Tofauti itaonekana kwapani.

Kwanza uzi, maana mkono mzuri hauokoi uzi mbaya. Lebo ya mtumba inaweza kudai sufu tupu, na sweta nyingi zilizofumwa kwa mkono hazina lebo kabisa. Aliyekwisha kununua ana njia ya kuhakikisha: achomoe kipande kifupi cha uzi uliobaki ndani ya mshono, akishike kwa koleo juu ya sinki, akichome. Sufu hushika moto kwa kusitasita, hutoa harufu ya nywele zilizoungua na huacha jivu linalopondeka vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu cheusi. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Akriliki si dhambi. Inafulika bila masharti na bei yake inavumilika, ndiyo maana imetawala nyuzi za madukani kwetu. Ila haipashi joto kama sufu, ambayo inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi amelowa. Kwa mkazi wa Tanga au Mombasa anayetaka kitu cha kujitupia mabegani usiku, hesabu inageuka, na pamba au hariri itamfaa kuliko zote mbili.

Baada ya uzi, vitanzi. Sweta ishikwe mbele ya dirisha, mwanga upite. Upande wa nje wa ufumaji wa kawaida una nguzo za herufi V zilizopangana. Upande wa ndani una matuta. Kama ilifumwa kwa kwenda na kurudi, mara nyingi mwanga utafichua jambo ambalo macho ya haraka hayalioni: safu zinakaa mbilimbili, na kila baada ya jozi kuna ufa mwembamba. Maana yake ni kwamba mkono wa kurudi unalegea kuliko mkono wa kwenda. Sweta hiyo itavalika miaka mingi tu. Lakini aliyeifuma bado yuko njiani, na bei iseme hivyo.

Kulegea na kukaza ni suala la hesabu pia. Mfumaji makini hutangulia kufuma kipande cha majaribio, angalau sentimita 10 kwa 10, akakifua, akakikausha, ndipo akahesabu vitanzi. Wanaoanza huruka hatua hii kwa sababu inachosha. Gharama yake hii hapa: maelekezo yakitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, na mwili wa sweta ukawa na vitanzi 220, kifua kinatoka sentimita 100. Mkono ukilegea kidogo tu, vikawa 20 badala ya 22, sweta ileile inatoka sentimita 110, na aliyekusudiwa anajikuta amevaa gunia. Tofauti ya vitanzi viwili, ambayo jicho haliioni kwenye kipande kidogo, imezaa sentimita kumi kifuani.

Mwingereza Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa mwaka 1910 na kuhamia Marekani, aliwapa wafumaji wa nyumbani njia ya kulikabili hilo bila kutegemea maelekezo ya mtu. Katika kitabu chake *Knitting Without Tears* cha mwaka 1971, vitanzi vya kifuani ndivyo asilimia 100, na kila sehemu nyingine hupimwa kwa hivyo: sehemu ya juu ya mkono kama theluthi, kifundo cha mkono karibu na kiganja kama asilimia 20, shingo kama 40. Mnunuzi naye anaweza kuigeuza kuwa kipimo chake. Achukue futi ya fundi cherehani. Sweta yenye mzingo wa sentimita 100 kifuani iwe na takriban 33 juu ya mkono na 20 penye kiganja. Ikitofautiana sana, ama ni mtindo uliokusudiwa, ama mfumaji alikisia. Ukiitazama yote kwa pamoja utajua ni lipi.

Shingo ndiyo mtihani ambao wengi huanguka. Mwili wa binadamu uko juu zaidi kisogoni kuliko kooni, kwa hiyo shingo ya sweta inapaswa kuwa juu zaidi nyuma kuliko mbele. Katika sweta inayofumwa mfululizo bila vipande, fundi hulifanya hilo kwa safu fupi: hufuma sehemu ya nyuma peke yake, hugeuka kabla ya kufika mbele, hurudi, na hivyo kuongeza kimo cha kisogo bila kuugusa upande wa koo. Ilaze sweta mezani. Kama ukingo wa mbele na wa nyuma vimekaa sawasawa, mvaaji atakuwa akiivuta chini siku nzima. Sweta za shule zenye shingo ya V zinaukwepa mtego huu kwa umbo lake, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazozifanya zikae vizuri kwa watoto wa maumbo mbalimbali hata zikitoka kwenye mashine ya kufumia.

Ukanda wa vifungo nao hausemi uongo. Kitanzi ni kipana kuliko kimo chake, basi anayeokota vitanzi ukingoni mwa sweta ya vifungo hapaswi kuokota kimoja kwa kila safu. Kawaida ni vitatu kwa kila safu nne. Akizidisha, ukanda unapiga mawimbi. Akipunguza, pindo la mbele linapanda juu kama limekasirika. Fundi aliyekomaa huufumua ukanda huo na kuanza upya hata kama sweta nzima imekwisha, na pengine hakuna ushahidi mkubwa wa maendeleo kuliko utayari wa kufumua.

Kwa sweta za rangi mbili, ndani kuna habari zote. Katika mtindo wa Fair Isle wa visiwa vya Shetland, Uskoti, safu moja haizidi rangi mbili, na uzi usiotumika hupita nyuma ukisubiri zamu yake. Tia mkono ndani kama unaivaa. Kidole kikinasa, nyuzi hizo zimeachwa ndefu mno. Uso wa nje ukijikunja, zimevutwa mno. Na mishono je? Iliyounganishwa kwa uzi uleule, kitanzi kwa kitanzi, kiasi kwamba nje huoni pa kuungia, ni kazi ya mkono na ya mtu mvumilivu. Ikipigwa ovaloki, kuna uwezekano mkubwa kitambaa kilifumwa kwa mashine kikakatwa. Haina ubaya, mradi usilipishwe bei ya mkono.

Jambo jingine la kuangalia ni hadithi inayouzwa pamoja na sweta. Sweta nzito za krimu za visiwa vya Aran, Ayalandi, husemwa kwamba kila ukoo ulikuwa na mchoro wake ili mvuvi aliyezama atambuliwe akitupwa ufukweni. Ni hadithi nzuri na si kweli. Mchoro wa sweta hizo kama tunavyoujua ni wa karne ya 20, na mbegu ya hadithi inaelekea kuwa tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, *Riders to the Sea*, ambamo maiti inatambuliwa kwa hesabu ya vitanzi. Lakini ndani ya tamthilia kinachotambuliwa ni soksi. Muuzaji akianza kusimulia koo na mawimbi, mrejeshe kwenye mshono.

Shali ni darasa jingine. Sweta husamehe, kwa sababu mwili huijaza na kuficha. Shali ya lesi hulala wazi na kila tundu lake linaonekana. Ndiyo maana wafumaji wengi huifikia baada ya sweta kadhaa, ingawa haina mikono wala shingo ya kupima.

Miji miwili na kisiwa kimoja vimeweka kiwango ambacho wengine wote hupimwa nacho: Orenburg nchini Urusi, Haapsalu nchini Estonia, na Unst kaskazini mwa Shetland. Za Orenburg hufumwa kwa manyoya laini ya ndani ya mbuzi, yenye unene wa mikroni 16 hadi 18 hivi, wakati unywele wa binadamu mara nyingi huzidi 50. Mahali pote patatu watu hupenda kuonyesha shali nzima ikipita ndani ya pete ya kidole. Onyesho linavutia, ila halithibitishi zaidi ya wembamba wa uzi. Shali mbovu ya uzi mwembamba nayo itapita kwenye pete.

Kipimo cha kweli ni kingo. Shali ya lesi ikitoka sindanoni ni kitambaa kilichonywea, kisicho na sura. Mfumaji huilowesha, huitandaza na kuibana kwa pini mpaka matundu yafunguke, kisha huiacha ikauke hapohapo. Sufu na hariri hukubali sura hiyo na kuishika hadi kufuliwa tena. Akriliki huirudisha mapema. Sasa ukingo ukianzwa kwa mkono uliokaza, hautavutika pamoja na katikati, na shali itajikunja kama upinde hata ibanwe kwa pini ngapi. Wanawake wa Haapsalu walilitatua kwa ukali: wanafuma katikati peke yake, pindo la lesi peke yake, halafu wanalishonea. Ni kazi ya ziada, na ndiyo inayofanya pembe zake zitulie. Shali hizo pia zina vifundo vya mviringo, ambapo kitanzi kimoja huzaa vitanzi vitano, saba au zaidi, na katika safu inayofuata vyote hukusanywa tena kuwa kimoja. Geuza nyuma: kitanzi kilichosahaulika katika kukusanya huning'inia hapo peke yake.

Kisha zinakuja shanga, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana mtaji ambao mfumaji wa Ulaya hana. Shanga za kioo kutoka Venice na Bohemia zilipita pwani yetu na misafara ya karne ya 19, na hadi leo kazi za Wamaasai wa Kajiado na Arusha hutumia kwa wingi shanga za Jamhuri ya Cheki. Aliyekulia karibu na kazi hiyo hutambua kwa mbali ushanga uliopishana ukubwa na wenzake. Alichonacho jichoni kinahitaji nyongeza moja tu. Mmaasai hutunga kwenye waya au uzi wa nailoni, ambao hustahimili tundu lenye ncha kali. Uzi wa sufu wa shali hukatwa nalo polepole, fua baada ya fua.

Kuna njia mbili za kutia shanga kwenye shali. Ya kwanza, zote hutungwa kwenye uzi kabla ya kuanza, zikasukumwa mojamoja kila zinapohitajika. Mamia ya shanga huusugua uzi uleule njia nzima, na kila ushanga hukaa kati ya vitanzi, ukiwa huru kuteleza upande wa nyuma. Ya pili, mfumaji huchukua sindano ya kroshia nyembamba sana, isiyofika milimita 1, huukamata ushanga, hukivuta kitanzi ndani ya tundu lake na kukirudisha sindanoni. Ni ya polepole, lakini ushanga unasimama juu ya kitanzi chake na kuonekana pande zote mbili. Kuitambua ni rahisi: sukuma ushanga kwa ukucha. Ukihama nyuma na kubaki huko, ni njia ya kwanza, au tundu ni kubwa kuliko uzi. Ukikwama na uzi kubanwa shingoni, tundu ni dogo na uzi utakatika hapo.

Uzito nao uhesabiwe. Shanga za namba 8, zenye kipenyo cha milimita 3 hivi, hufika 35 hadi 40 kwa gramu. Shanga elfu moja ni gramu 25 na zaidi. Kwenye shali ya gramu 100 za uzi hiyo ni robo nzima imeongezwa. Zikiwekwa kwenye pindo, uzito huo unasaidia: shali inaanguka vizuri begani na haipeperuki. Zikitapakaa katikati, zinavuta matundu na kuyapoteza sura, na zilizo karibu na shingo zinachoma ngozi. Mfumaji anayeanza huweka shanga kila aonapo nafasi. Akikomaa huziweka kwenye ncha za majani ya mchoro, pale jicho lilipokuwa linaelekea tayari. Na rangi ijaribiwe kwa kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni, kwani shanga zilizopakwa rangi juu juu huichuja siku ya kwanza ya kufuliwa, na uzi mweupe hausahau.

Shali ya shanga ikaushwe ikiwa imelazwa. Isitundikwe kwenye hanga, maana uzito utairefusha upande mmoja. Na penye shali mbili za bei moja, moja imemetameta shanga mwili mzima na nyingine ina shanga za pindoni tu, mnunuzi achukue ya pili, lakini ailaze mezani kwanza na kuangalia kama ncha zote za pindo zinafika mstari mmoja.