Mbege ya Tarehe 25

Ukipiga simu Kibosho au Uru, huko Kilimanjaro, mwanzoni mwa Desemba kuwaambia wazee kwamba mwaka huu unapanda mlima, swali la kwanza huwa ni moja: unafika lini? Walioko Dar es Salaam hulipokea kama swali la mapenzi, na mapenzi yamo. Lakini aliyeuliza akiwa ni mama anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, anachotaka hasa ni tarehe. Mbege haipikwi ikawekwa. Ina siku yake moja ya kuwa tamu. Kesho yake inakuwa kali, na keshokutwa wanaobaki nayo ni wale wasiochagua. Kwa hiyo anayepikia Krismasi huanzia mchana wa tarehe 25, wageni wakiwa wamekaa chini ya migomba na kata zao mkononi, kisha anahesabu kurudi nyuma mpaka afikie siku ambayo panga litagusa mkungu wa kwanza.

Shangazi yangu mmoja, ambaye kwake nimeshinda Desemba nyingi nikijifanya nasaidia, hufanya hesabu hiyo bila karatasi. Huifanya akiwa anakamua ng'ombe, akiwa anawatuma watoto majani, akiwa anamgombeza fundi aliyeahidi kuja kupaka chokaa ukuta wa mbele na hajaja. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, si kikubwa. Watafiti waliovipima vihamba vya Kilimanjaro zamani kidogo walipata wastani wa hekta 0.68, na humo mna kila kitu: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, mbuzi na ng'ombe bandani, makaburi ya babu na bibi nyuma ya nyumba, na masale mpakani. Kabla ya sikukuu yote hayo yanadai mkono kwa wakati mmoja. Makaburi yapaliliwe, mbuzi wa ndafu anenepe, mfongo, ule mfereji wa maji, uliojaa matope uzibuliwe. Pombe inapenyezwa katikati ya kazi hizo, na hapo ndipo ninapomstaajabia.

Huanza na mikungu. Mchare, ndizi ya kupika, hauguswi, huo ni wa mtori na wa wageni watakaotaka ndizi nyama. Anazunguka kihamba akiangalia ndizi za kuiva zenye sukari nyingi, anazibonyeza kwa kidole gumba, anaangalia kama pembe za ndizi zimeanza kujaa na kuwa mviringo. Mkungu uliokatwa mchanga hulainika tu, utamu hauji. Iliyokatwa hupandishwa darini juu ya meko, moshi na joto la jikoni viiivishe, nayo huchukua kama wiki moja. Nasema kama, kwa sababu vihamba vimetapakaa kuanzia kiasi cha mita 900 hadi karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jirani wa juu huko kwenye ukungu hawezi kufuata kalenda ya jirani wa chini. Wa juu hukata mapema. Kila mpishi anaijua baridi ya jiko lake mwenyewe.

Ndizi zikiiva, siku ya kuchemsha ni siku nzima. Pipa juu ya mafiga, maji, kuni za maana, na mtu wa kukaa hapo. Zinachemka saa nyingi mpaka rangi inageuka, kutoka njano iliyopauka mpaka wekundu wa kahawia, na harufu inatoka nje ya kihamba kabisa, majirani wanajua kwa nani kutapikwa. Ni hatua ambayo vijana huipuuza. Wanaona kilichoiva kimeiva, kwa nini kuni zaidi? Shangazi hajibu, anaongeza kuni. Anangoja rangi, na saa ya ukutani haimhusu. Kisha zinapoa na kuachwa zichachuke siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyangaya. Hamira haitiwi. Chachu inatoka hewani, kwenye pipa lenyewe, kwenye mwiko wa mwaka jana, na kila asubuhi anainama, anasikiliza kama inatoa povu, ananusa, anafunika.

Wakati huohuo upande wa pili wa kazi umeshaanza, na kwa maoni yangu huu ndio mgumu kuliko wote: kimea cha ulezi. Zamani ulezi ulilimwa hukohuko mlimani kwa maji ya mifongo. Siku hizi wengi wanaununua sokoni. Unalowekwa, unachujwa maji, unafunikwa kwa majani ya mgomba sehemu yenye joto mpaka uchipue. Kinachotakiwa ni kile kimzizi cheupe kifupi. Mbegu ikiwa imeanza tu kuamka, ndani yake kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Ukiuacha uote zaidi, mche unaila sukari hiyo wenyewe, nawe umepoteza ulezi na siku tatu. Kwa hiyo lazima usimamishwe kwa kuanikwa juani. Jua la Desemba! Ni msimu wa vuli, mlima unajifunika kuanzia saa sita mchana, na mvua huja bila kubisha. Nimeona turubai lenye ulezi likikimbizwa ndani na watu wanne, watoto wa shule wawili wakiwemo, mama akiwaelekeza kwa sauti ambayo kanisani haitumii. Ulezi ukirudiwa na maji huvunda, na uji wake hunuka. Ukikauka vizuri, ukitafunwa una utamu mdogo nyuma ya ulimi. Yeye hutafuna punje kadhaa ndipo auruhusu kwenda mashineni.

Uchungu unatoka kwenye msesewe. Ni gamba la mti, linakaushwa na kutwangwa, na kiasi chake kila nyumba ina siri yake. Unga wa kimea unapikwa uji pamoja na msesewe. Huo uji ndio mso. Msesewe ukipungua, mbege inakuwa juisi ya watoto. Ukizidi, wazee wanakunywa wakikunja uso na hawasemi kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kulalamika. Nilipomuuliza anapima kwa nini, alinionyesha kiganja chake kilichokunjwa nusu. Kiganja changu ni kikubwa kuliko chake, kwa hiyo maelezo yake hayakunisaidia sana.

Hapo sasa ana vitu viwili visivyoonana: maji ya ndizi yaliyochachuka, yakachujwa kutoka kwenye machicha, na mso. Vikiwa mbalimbali, bado ana nafasi ya kusogeza mambo kidogo. Vikikutana, saa imeanza na hairudi. Usiku mmoja unatosha mbege ichemke yenyewe, ipande povu, iwe tayari asubuhi. Kwa hiyo kuchanganya huachwa mpaka mwisho kabisa, jioni ya tarehe 24, na jioni hiyo simu ya shangazi haikai chini. Basi liko wapi? Mmefika Korogwe? Mmepita Same? Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kutoonekana kwa robo karne hivi, alijifunza haraka ratiba yake na ucheleweshaji wake, akaviingiza kwenye hesabu pamoja na baridi na mvua.

Mwaka mmoja nilimwona akiwa na mwiko mkononi, mso umepoa kiasi cha kuvumilika kidoleni, na watu wake watatu wakiwa bado barabarani na gari bovu. Angeweza kuchanganya kwa ajili ya waliokuwepo. Alifunika pipa, akaenda kukamua, akarudi, akaonja maji ya ndizi kwa ncha ya kata, akafunika tena. Aliposikia wamevuka Mwanga ndipo alipomimina, akakoroga taratibu kutoka chini, akalizungushia pipa blanketi kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi na muda aliokuwa nao ulikuwa mfupi kuliko aliozoea.

Kesho yake saa nne, watu wakitoka kanisani, povu lilikuwa juu. Kata ya kwanza mpishi huinywa yeye mwenyewe mbele ya wageni, ndiyo desturi, ili waone alichopika hakina hila. Akanywa, akatulia, akasema imekosa saa mbili. Wazee wakaonja wakasema haijakosa kitu. Yeye akashikilia saa mbili zake, na kweli kufika saa sita mchana ilikuwa imekaa sawasawa, pale ambapo utamu wa ndizi na uchungu wa msesewe huwezi kusema kipi kimemshinda mwenzake. Ng'ombe walikuwa wameshapewa machicha. Darini kulikuwa na mikungu mingine miwili, iliyokatwa tarehe 18, kwa ajili ya Mwaka Mpya.