Hachibaki au Stesheni Wagoni: Mizani ya Gari la Kuchukulia Mbwa

Mfugaji wa mbwa wakubwa hapa Lanet, awe amewafuga kwa ajili ya ulinzi wa boma au kwa ajili ya mashindano, hachelewi kufikiwa na suala la usafiri. Kwani matibabu huenda yakampeleka hadi Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, au, maradhi yakizidi, hadi Kabete kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na maonyesho ya East Africa Kennel Club yakamwita Jamhuri Park jijini Nairobi, na katika safari zote hizo aghalabu hapati matatu itakayokubali kumpakia yeye na mnyama wake. Hapo ndipo huenda kwenye yadi za magari za Nakuru akiwa na fedha za gari moja tu, akasimama baina ya hachibaki, gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma huinuka pamoja na kioo, na stesheni wagoni, gari ambalo paa lake limeendelezwa hadi mwisho ili nyuma ya viti pawe na wasaa. Rai yangu ni kwamba uchaguzi huu hufanywa kinyumenyume na walio wengi, kwa maana huanza kwa bei na rangi na matumizi ya petroli, ilhali mambo ya kutangulizwa ni kimo cha mbwa, idadi ya abiria watakaofuatana naye, na hali ya barabara.

Magari yenyewe ni yale tunayoyaona kila siku. Kwa kuwa Kenya huagiza magari yaliyotumika kutoka Japani kwa wingi, yenye usukani wa kulia na yasiyozidi umri wa miaka 8, mnunuzi hana bahari ya kuchagua: upande wa hachibaki atakuta Toyota Vitz, Honda Fit, Mazda Demio na Nissan Note, upande wa stesheni wagoni atakuta Toyota Fielder, Probox na Succeed, Nissan Wingroad na Honda Shuttle. Walakini, wengi hawamlinganishi mnyama na gari kabla ya kulipa.

Basi tuanze na mnyama. Dume la German Shepherd, aina inayopendwa sana na walinzi wa Bonde la Ufa, husimama sentimita 60 hadi 65 begani, na uzito wake ni kilo 30 hadi 40. Mashirika ya ndege, ambayo yamelitafakari jambo hili kwa makini kuliko wauzaji wa magari, yana kaida moja ya kupima sanduku la mbwa: urefu wa sanduku ni urefu wa mbwa tangu puani hadi shina la mkia, ukiongezewa nusu ya kimo cha kiwiko chake cha mguu wa mbele kutoka sakafuni, upana ni upana wa mabega mara mbili, na kimo ni kile cha mbwa aliyesimama, kichwa na masikio pamoja. Chukua futikamba, msimamishe mbwa wako ukutani, upime. Ikiwa tangu puani hadi shina la mkia ni sentimita 100, na kiwiko kiko sentimita 32 juu ya sakafu, na mabega yana upana wa sentimita 25, sanduku lake litakuwa na urefu wa sentimita 116 na upana wa sentimita 50. Hizo ndizo hesabu za kwenda nazo yadini.

Ukizipeleka hesabu hizo kwenye hachibaki, viti vya nyuma vikiwa vimesimama, jawabu ni dhahiri: buti la magari hayo, tangu mgongo wa kiti hadi mlangoni, aghalabu halifiki sentimita 75, na mbwa wetu hawezi kulala humo illa kwa kujikunja, jambo ambalo atalivumilia kwenda mjini na kurudi, lakini si mwendo wa karibu kilomita 150 hadi Kabete. Ukivilaza viti, hali hubadilika, na hapa Honda Fit inastahili sifa yake. Kwani tangu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2001, watengenezaji waliliweka tangi la petroli chini ya viti vya mbele badala ya vya nyuma, na kwa sababu hiyo viti vya nyuma huzama chini kabisa vikaacha sakafu tambarare. Mbwa mmoja mkubwa hulala humo kwa raha. Lakini nafasi hiyo imenunuliwa kwa viti vya watu, na mwenye watoto wawili na mbwa mmoja atalazimika kumwacha mmojawapo nyumbani.

Stesheni wagoni haimlazimishi uchaguzi huo. Nyuma ya kiti cha Probox kilichosimama hubaki karibu mita moja, na kiti kikilazwa sakafu hufika karibu sentimita 180, huku upana ukiwa karibu sentimita 142 pale ndani palipo papana zaidi na kimo karibu sentimita 93. Mbwa mmoja hulala kwa kukingama, kutoka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili, na familia ikakaa mbele yake kwa amani. Mbwa wawili, kiti kikilazwa, hupata kila mmoja sanduku lake. Fielder ni laini zaidi na abiria wake hustarehe zaidi, lakini kioo chake cha nyuma kimeinama, na mteremko huo humpunguzia mbwa nafasi pale pale panapohitajika kichwa chake. Probox, ambayo Toyota waliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za biashara, ina mgongo uliosimama wima, na umbo hilo wanalolicheka wapenda urembo ndilo linalompa mnyama haki yake.

Hata hivyo stesheni wagoni ina taksiri moja ambayo ni sharti ielezwe bayana. Vitz ya kizazi cha tatu ina urefu wa sentimita 388, na baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 251. Fielder iliyotoka mwaka 2012 ina urefu wa sentimita 436, na baina ya ekseli ni sentimita 260. Gari limerefuka kwa sentimita 48, lakini ekseli zimeachana kwa sentimita 9 tu zaidi, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi ile iliyotuvutia imening'inia nyuma ya magurudumu. Kila tuta na kila shimo humrusha aliye nyuma ya ekseli zaidi kuliko aliye mbele yake, na hivyo mbwa aliyelala karibu na mlango hutikisika kuliko dereva anavyodhani. Wazee wanaoikumbuka Peugeot 504 ya familia, ile ya watu saba iliyokuwa ikibeba abiria baina ya Nakuru na Nairobi, watakumbuka pia utulivu wake. Na sababu ni kwamba waliounda gari lile hawakuongeza kisogo tu, bali walizisogeza ekseli kutoka sentimita 274 za saluni hadi 290, wakatia nyuma springi nne za koili. Wajapani wa leo hawakufanya hivyo katika Fielder, ambayo umbali wa ekseli zake ni sawa na wa saluni yake, Axio. Dawa ni nyepesi: sanduku lisukumwe hadi ligusane na mgongo wa kiti, mizigo midogo ikae mlangoni, shokomzoba za nyuma zikaguliwe kabla ya kununua, na matuta ya Mbaruk na Gilgil yapandwe polepole.

Sakafu nayo ina hukumu yake. Kizingiti cha buti kikiwa juu, mbwa mzee mwenye maradhi ya nyonga, ambayo huwapata German Shepherd kwa wingi, hawezi kuruka, na kumwinua mnyama wa kilo 35 kila safari huuchosha mgongo wa mwenyewe. Stesheni wagoni nyingi zina sakafu iliyo sawa na kizingiti, na ubao mmoja wa kupandia hutosha. Juu ya sakafu pawekwe mkeka wa mpira wenye uso wa kukwaruza, kwa sababu plastiki tupu humtelezesha mnyama katika kila kona ya mpando wa kuelekea Kinale.

Ama kizuizi baina ya mbwa na abiria, hilo si pambo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mbwa wa kilo 30 aliye huru husukumwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 400, na nguvu hizo humwangukia mtoto aliyekaa mbele yake. Fundi wa kuchomelea wa mjini Nakuru anaweza kuunda wavu wa chuma unaofungwa kwa bolti kwenye mwili wa gari, na uwe wavu, wala usiwe ubao, ili hewa ipite. Wavu huu una faida ya pili kwa wengi wetu: kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi nzito, stesheni wagoni yenye kizuizi na mkeka unaotolewa na kuoshwa ni gari linaloweza kutumika kwa ulinzi wa mali bila kuharibu tohara ya wanaopanda mbele.

Tukija kwenye hewa, hachibaki ina ubora kidogo, kwa kuwa mbwa yuko karibu na madirisha yanayofunguka, ilhali vioo vya ubavuni mwa buti la stesheni wagoni havifunguki. Hewa huingia mbele na kutoka nyuma kupitia matundu yaliyofichwa pembeni mwa buti, na godoro la mbwa likiyaziba, mzunguko hupungua. Wako wanaotafuta hewa kwa kuuacha mlango wa nyuma wazi, wameufunga kwa kamba. Wasifanye hivyo kabisa, kwani nyuma ya gari linalokwenda hewa huvutwa ndani, na pamoja nayo huja moshi wa ekzosi wenye sumu na lile vumbi laini la barabara za ndani za Lanet. Na gari likisimama juani, aina haina tofauti tena: utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto la ndani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutimia katika nusu saa ya kwanza, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Siku ya nyuzi 25, ambayo Nakuru huiita siku ya kawaida, buti hufika nyuzi 47, na mbwa, ambaye hupoza mwili wake kwa kuhema, huweza kufa. Fauka ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, huhesabu kuwa kosa kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye mbwa mmoja, asafiriye peke yake au na mwenziwe mmoja, anunue hachibaki ambayo viti vyake hulala tambarare, na Fit ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mwenye mbwa wawili, au mwenye mbwa mmoja na familia, anunue stesheni wagoni, na baina ya Fielder na Probox achague ile yenye mgongo wima ikiwa mbwa ndio sababu ya ununuzi. Na kabla ya kulipa, aende yadini na futikamba na vipimo vya mbwa wake vilivyoandikwa karatasini, afungue mlango wa nyuma, apime upana baina ya matao ya magurudumu, na urefu tangu mlangoni hadi mgongo wa kiti; gari lisilopita kipimo hicho, hata likiwa rahisi, aliache.