Geuza Sweta Uone

Mama yangu anafuma sweta za shule hapa soko la Ndanai. Mtu akimletea sweta iliyofumwa kwingine, ati amwambie kama ni nzuri, haangalii kola wala milia. Anaingiza mkono ndani, anaigeuza, kisha anapitisha kidole polepole kwenye mishono. Hukumu inatoka hapo. Tabia hiyo nimeiona tangu utotoni bila kuiwazia lolote, mpaka mwaka huu nilipojaribu kufuma boshori ya rangi mbili nikashindwa vibaya. Sasa naona ndio uhakiki bora zaidi niliowahi kufunzwa, na mimi nimekaa miaka miwili na nusu katika darasa la fasihi la chuo kikuu kabla ya kutoka bila karatasi.

Kwa hivyo hapa nahakiki sweta. Kitabu kiko na wahakiki wake, filamu pia. Sweta ya shule imevaliwa na karibu kila mtu anayesoma ukurasa huu, imetupwa juu ya mti, imefutwa kamasi, na hakuna aliyewahi kuiketia chini aseme ni kazi ya namna gani.

Tuanze na mbele. Sweta ya shule ya kawaida ni rangi moja mwilini, na shingo ya V yenye mlia mmoja au miwili ya rangi nyingine. Milia hiyo inarudi kwenye mikono na chini kiunoni. Basi. Ukiihakiki kwa ile njia tuliyokaririshwa sekondari, maudhui upande huu na fani upande ule, maudhui ni sentensi moja: huyu ni mtoto wa shule fulani. Fani ni mlia. Mlia nao ndio kazi rahisi kuliko zote za kuchanganya rangi. Mama anasukuma kichwa cha mashine kulia na kushoto, kulia na kushoto. Akifika ukingoni anaacha uzi wa kijani, anaweka wa manjano, anaendelea. Kila mstari uko na rangi moja tu. Ukiigeuza sweta hiyo, ndani ni safi kama nje, isipokuwa vifundo vichache pembeni.

Nilipomuuliza mbona hafumi maua, hata pembetatu tu, alinitazama kama nimemuuliza mbona hapiki chapati za mstatili. "Nani atalipa?" Nilidhani anakwepa. Nilidhani hajui. Nikasema moyoni, nitamwonyesha.

Dada yangu alikuwa na mtoto mchanga, na si unajua baridi ya asubuhi ya Julai huku kwetu kwenye chai. Nikaamua kumfumia boshori. Ni kitu kidogo, ukiharibu hujaharibu pesa nyingi. Sindano nilitengeneza kwa spoku tano za baiskeli, nikazikata na kuzisugua ncha kwenye jiwe, vile kina mama walivyofanya walipokuwa shule ya msingi. Wakati wao, katika miaka ya kwanza ya 8-4-4, sanaa na kazi za mikono zilikuwa kwenye mtihani, kwa hivyo mtoto alifuma kitu na kitu hicho kikapewa alama. Mimi nilipofika darasani masomo hayo yalikuwa yameshatolewa kwenye KCPE. Kizazi changu kilifunzwa kufuma na YouTube.

Mbinu yenyewe ni hii. Unafuma kwa nyuzi mbili katika mstari mmoja. Tuseme nyeupe na nyekundu. Kitanzi kikiwa cheupe, uzi mwekundu unangoja nyuma; kikifika cha nyekundu, mwekundu unakuja mbele na mweupe unapita nyuma. Haukatwi. Unatembea wote wawili mpaka mwisho. Waingereza wanaiita mbinu hii kwa jina la Fair Isle, kisiwa kidogo upande wa Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Huko sweta moja inaweza kuwa na rangi nyingi sana, lakini desturi ni rangi mbili tu kwa kila mstari. Miaka ya 1920 mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward VIII, alivaa moja akienda kucheza gofu, na ghafla kila mwenye pesa akaitaka.

Ukifikiria, wazo lenyewe si geni kwetu Afrika Mashariki. Msusi wa kiondo anashika nyuzi mbili na kuzisokota kuzunguka zile zilizosimama: rangi anayoitaka anaileta mbele, ile nyingine inajificha. Kwa hivyo sikuona mbona nishindwe.

Mchoro nilitoa kwenye sotet ya nyanya yangu, kibuyu cha mursik. Umewahi kuona sotet kwenye runinga, zile za shanga zinazopelekwa uwanja wa ndege mwanariadha akirudi na medali. Ya Kogo iko na ukanda wa shanga wenye pembetatu nyekundu juu ya nyeupe. Nikachukua kitabu cha hesabu cha miraba, nikapaka rangi: mraba mmoja, shanga moja, kitanzi kimoja. Chini vitanzi saba vyekundu, juu yake vitano, vitatu, halafu kimoja. Mchoro wa vitanzi vinane kwa upana, ukirudiwa mara tisa, jumla vitanzi 72, kumi na vinane kwa kila spoku. Kwenye karatasi ilipendeza hata nikaipiga picha nikaweka status.

Ukifuma kwa duara, upande wa mbele ndio unaokutazama wakati wote. Ndio raha yake na ndio mtego wake. Nilimaliza usiku wa tatu, nikaona pembetatu zangu, nikafurahi. Lakini zilikuwa fupi, kama paa la nyumba lililokaliwa na mtu mnene, na kitambaa kilikunjamana kama paji la uso. Nikampelekea Mama hivyo hivyo. Hakuangalia pembetatu. Aliingiza mkono, vidole viwili vikanasa, akavuta, akaigeuza.

"Huku nyuma ulikuwa unakimbilia wapi?" akaniuliza.

Kwa hesabu ya fundi, makosa yalikuwa matatu. La kwanza, nyuzi za nyuma. Pale kwenye ncha ya pembetatu, uzi mwekundu unatoka kwenye kitanzi kimoja unaruka saba vyeupe ndipo urudi kazini. Watu wengi hawaachi uzi uruke zaidi ya vitano hivi bila kuubana katikati na ule mwingine. Mimi sikubana, tena nilivuta ili mbele ionekane imekaza. Ule mvuto ndio uliokunja kitambaa. Kichwa cha mtoto hakingeingia.

La pili, mkono. Nyuzi mbili zikitembea pamoja, mmoja hupita juu na mwingine chini, na ule wa chini hutoa vitanzi vikubwa kidogo, rangi yake ikajitokeza zaidi. Fundi anachagua rangi ya mchoro ipite chini na haibadilishi. Mimi nilikuwa nabadilisha ovyo. Ndio maana pembetatu za upande mmoja zilikuwa na nguvu na za upande wa pili zilionekana kama zimefuliwa na Jik.

La tatu ndilo liliniuma, kwa sababu hilo ni kosa la msomaji. Kitanzi si mraba. Upana wake ni mkubwa kuliko urefu wake. Mchoro uliokaa sawa kwenye miraba ukifumwa unabonyea. Nilikuwa nimedhani shanga na kitanzi ni herufi za lugha moja, kwamba nikinakili nimetafsiri. Kumbe kila kitambaa kiko na sarufi yake. Na shanga ya Kogo ukiitoa, kibuyu kinabaki kibuyu na maziwa yanalala ndani vizuri. Kitanzi chekundu ukikitoa, boshori inafumuka. Mchoro wa kufumwa haukupakwa juu ya kitu. Ndio kitu chenyewe. Yule mwalimu wa maudhui huku na fani kule angepata shida sana na boshori yangu.

Kuna mtu aliyeifanya tafsiri hii vizuri. Laduma Ngxokolo, wa Afrika Kusini, alianzisha MaXhosa akiwa mwanafunzi Port Elizabeth, karibu mwaka 2010. Vijana wa Kixhosa wakitoka jandoni huvaa nguo mpya za heshima, na sweta nzuri ni sehemu ya mavazi hayo. Yeye alijiuliza mbona sweta hizo ziwe na michoro ya Wazungu wakati shanga za kina mama wao zina michoro. Akaifuma kwa sufi na mohair ya huko huko. Mwaka 2017 kazi yake ilikuwa katika maonyesho ya mavazi ya jumba la MoMA, New York.

Ninachopenda kwake ni kwamba hakunakili shanga moja moja kama mimi. Ukiangalia, almasi zake zimerefushwa, zimekatwa kando, zimewekwa rangi tano sita mpaka jicho linasahau shanga na kuona sweta. Alikubali kupoteza kitu ili apate kingine. Lawama yangu iko mahali pengine, na si yake peke yake. Picha zote za sweta hizi ni za mbele. Modeli amesimama, mikono mfukoni, basi. Mavazi haya yanasifiwa kwa urithi, kwa fahari, kwa rangi, na karibu hakuna anayetaja uzi uliopita nyuma, ilhali kila almasi pale mbele imegharimu uzi ambao macho hayatauona. Tunasifu kazi za sanaa zetu hivyo pia. Mtu akiweka sotet kwenye jalada la kitabu tunapiga makofi kabla ya kuusoma mstari wa kwanza.

Nirudi sokoni. Nilifumua boshori usiku uo huo. Vijana wa bodaboda walishaniona na spoku zangu wakaniuliza kama natafuta bwana. Niliwaambia kuna kisiwa Peru, ndani ya ziwa Titicaca, kinaitwa Taquile, ambako kofia za rangi zinafumwa na wanaume, na mvulana anaanza akiwa mtoto. Wakacheka zaidi. Lakini mmoja aliuliza bei.

Mara ya pili kila mstari wa mchoro niliufuma mara mbili, pembetatu zikasimama. Nyekundu ikapita chini mwanzo mpaka mwisho. Kwenye saba nilibana katikati, kitanzi cha nne. Kubwa zaidi, kila nikimaliza spoku moja nilinyoosha kazi na kuchungulia ndani. Mwendo ulikuwa wa kinyonga. Mama alikaa kando anashona kola, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani tuliongea kuhusu chuo. Watu nilikuwa nikiwaambia niko likizo ndefu. Yeye alijua, aliwahi kuziuza mashine mbili kati ya tatu kwa ajili ya karo, na hakuwahi kuniuliza. Sitayaandika tuliyosema. Aliniambia tu kwamba uzi ukivutwa sana nyuma ili mbele kupendeze, siku moja unakata.

Hiyo ya pili nilipoimaliza ndipo nikaipima ile hoja yake ya "nani atalipa?" Boshori ya rangi mbili ilikula uzi mwingi kuliko ile ya rangi moja ya ukubwa huo huo, maana kila mahali kuna mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Na uzi wetu wa soko ni akriliki, unateleza. Sufi ya Shetland iko na nywele. Nyuzi za nyuma zinashikana zenyewe kadiri inavyovaliwa na kufuliwa. Za akriliki zinabaki zimening'inia, zinangoja kidole cha mtoto wa darasa la pili anayevaa sweta akikimbia. Mzazi aliyenunua sweta Januari, mwezi wa karo na vitabu, anataka ifike angalau Novemba.

Kwa hivyo nabadilisha hukumu yangu. Nilikuwa nimekuja kusema sweta ya shule ni kazi maskini, kwamba mlia ni uvivu wa mawazo. Sisemi tena. Mlia ndio rangi pekee unayoweza kumpa mtoto bila kumwachia mtego mkononi na bila kumpandishia mzazi bei. Aliyeuchagua alianza kufikiria kutoka ndani, kwenye ngozi ya anayevaa. Bado naidai kitu: mbona kila shule iridhike na mlia ule ule, wakati mistari miwili mitatu ya vitanzi vya kupishana, kimoja kimoja, haina uzi mrefu wa kunasa kidole na ingegharimu uzi kidogo tu? Hilo nimemwambia Mama. Amesema ataangalia.

Boshori ameigeuza pia. Alipitisha kidole mzunguko mzima, akasimama mahali pamoja karibu na mwisho, akasema, "Hapa ulikuwa na haraka." Ni kweli. Nilikuwa nimeona mwisho.

Kama bado uko na sweta yako ya shule mahali, iliyokuwa ya kaka yako, ambayo sasa mama anapangusia meza, itafute. Igeuze kabla ya kusema chochote.