Shuti Ambalo Halikupigwa

Sisi tunaojiita waandishi vijana tuna kasumba moja: tunapenda mno mwisho. Tukipewa maisha ya mtu tunakimbilia ukurasa wa mwisho tuone alishinda au alianguka, halafu tunarudi nyuma kuyapaka rangi yote yaliyotangulia. Hivyo ndivyo Hasheem Thabeet anavyosomwa. Mtaje kijiweni Dar, mji aliozaliwa, na kabla hujamaliza jina utasikia: "Si yule aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akachemsha?" Basi, kesi imekwisha, washikaji wanahamia mada nyingine.

Mimi napinga usomaji huo. Ushahidi wangu ni msimu mmoja tu, wa 2008-09, katika ligi ya vyuo vikuu ya Big East huko mashariki ya Marekani. Msimu ule ni kazi inayojitegemea. Kuufanya dibaji ya NBA ni sawa na mtu anayesoma mashairi ya kwanza ya mshairi ili tu ajue kwa nini riwaya yake ya baadaye haikuuzika.

Ligi yenyewe haikuwa ya mchezo. Timu 16, kila moja mechi 18, na wakati wa kupanga mashindano ya taifa Big East ikatoa timu tatu kati ya nne zilizopewa nafasi ya kwanza katika kanda zao: Louisville, Pittsburgh na Connecticut. Jambo hilo halikuwahi kutokea kwa ligi yoyote. Thabeet alikuwa Connecticut, wenyewe wanaita UConn, mwaka wake wa tatu chuoni. Kumbuka kwamba kijana huyu alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, umri ambao Wamarekani wengi wa kiwango chake walikuwa wameshachezea timu kibao. Msimu ule alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Dhidi ya Providence, mwezi Januari, alizuia mashuti 10 katika mechi moja.

Lakini namba hizo hazisemi habari yenyewe, na hapa ndipo wahakiki wa michezo wanaponikera. Bloku inahesabiwa. Lile shuti ambalo mpinzani alitaka kulipiga, akamwona yule bwana wa mita 2.21 amesimama chini ya kapu, akaghairi na kurudisha mpira nje, nani analiandika? Hakuna safu yake kwenye karatasi ya takwimu. Tazama mechi za UConn za mwaka ule, usimfuate mwenye mpira, mfuate Thabeet. Utaona watu wanaingia kwa kasi halafu miguu inasita. Sanaa yake ilikuwa kufuta sentensi za wengine kabla hazijaandikwa, na sanaa ya namna hiyo huwa haipigiwi makofi.

Msimu wenye shujaa tu ungekuwa hadithi ya watoto. Huu ulikuwa na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi wa Thabeet kwa kiasi cha kuchekesha, kifua kama kabati. Februari 16, 2009, mjini Hartford, walipogombea mpira mmoja Blair akamtupa Thabeet juu ya bega mpaka chini. Pittsburgh wakashinda 76-68, Blair akiwa na pointi 22 na ribaundi 23. Picha ile ndiyo iliyobaki. Wanaoipenda hawaongezi kwamba siku chache kabla yake UConn walimpoteza Jerome Dyson kwa jeraha la goti, wala kwamba mwisho wa msimu makocha wa ligi waligawa tuzo ya mchezaji bora kwa hao hao wawili, aliyetupa na aliyetupwa. Katika mechi tatu UConn walizofungwa kwenye ligi, mbili ni za Pittsburgh. Ukitaka tamthilia, hiyo hapo, wala huhitaji NBA.

Halafu ukaja mchujo wa ubingwa ndani ya Madison Square Garden, New York. Alhamisi ya Machi 12, robo fainali, UConn na Syracuse. Zikiwa zimebaki sekunde 1.1 Kemba Walker, ndiyo kwanza yuko mwaka wa kwanza, akasawazisha 71-71. Syracuse wakarusha mpira mrefu, Eric Devendorf akatumbukiza, akapanda juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakaenda kwenye televisheni, wakarudi, wakasema mpira ulichelewa kumtoka mkononi. Kuanzia hapo wakacheza nyongeza sita! Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika nyongeza tano za mwanzo; kila mara walikuwa wanafukuzia, wanasawazisha, wanafukuzia tena. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo, Thabeet mmojawapo, akiwa na pointi 19, ribaundi 14 na bloku sita. Syracuse 127, UConn 117, na saa ya New York imeshapita saa saba usiku.

Simulizi nyingi za usiku ule ni za Flynn, na sina ugomvi na hilo. Ila nikiitazama upya naona mechi mbili. Katika ile ya kwanza Thabeet yupo uwanjani na kila kapu la Syracuse lina jasho. Katika ya pili yupo benchi, na njia ya kwenda kapuni, iliyokuwa imefungwa usiku kucha, iko wazi. Ile mitupo ambayo hakuna aliyeihesabu, sasa inapigwa. Kama kuna mtu bado anauliza alikuwa anafanya kazi gani pale chini, jibu lake ni hilo.

Na mwisho wa mashindano, mnaoupenda mwisho? Ijumaa Syracuse waliwafunga West Virginia, tena kwa nyongeza. Jumamosi wakaishiwa, Louisville wakawafunga 76-66. Louisville hao hao walikuwa wameongoza ligi, 16 kwa 2. Walishinda msimu, wakashinda na mchujo, kila kitu halali, na sijakutana bado na mtu anayesimulia fainali hiyo kijiweni.