Mzazi, Dola na Tamthilia ya Shule: Tukio la Nakuru

Haki ya mzazi ya kukagua na kupinga maandishi anayofundishwa mwanawe hujadiliwa aghalabu kama suala la maadili. Makala haya yanadai kwamba kwanza ni suala la usomaji. Apingaye sharti awe amesoma. Na ili asome, matini sharti iwe mbele yake. Sharti hilo lilivunjwa mjini Nakuru tarehe 10 Aprili 2025.

Itakumbukwa kwamba Mahakama Kuu ya Kisii ilikuwa imeamuru, siku chache kabla, Shule ya Wasichana ya Butere iruhusiwe kuigiza Echoes of War, tamthilia ya Cleophas Malala, katika Tamasha la Kitaifa la Drama. Malala alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Kulipokucha, wasichana waliingia ukumbini Kirobon, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Mwelekezi wao hakuwepo, wala hadhira. Waliokuja kutazama walitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi.

Ni nini hasa kilichopingwa? Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji kwa nini mtu asiye mwalimu awaongoze wanafunzi. Swali ni halali, na mzazi yeyote angeliuliza. Hata hivyo linamhusu mtu, si matini: halitaji tukio, mhusika wala usemi. Mnamo 2013, Shackles of Doom, ya mwandishi huyo na shule hiyo hiyo, angalau ilishutumiwa kwa maudhui yake, yaani kuchochea chuki za kikabila. Kwa hiyo iliweza kutetewa, na Mahakama Kuu ikaondoa marufuku.

Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, ilitahiniwa nchini kote kwa miaka kadhaa hadi 2022. Humo Majoka anaitawala Sagamoyo kwa mabavu, na Tunu na Sudi wanawaongoza wanyonge kumkabili. Maudhui hayo si ya upole hata kidogo! Lakini Kigogo ni kitabu. Mzazi wa Njoro au Molo aliyekitilia shaka aliweza kukifungua mezani kwake, taa ikiwaka, akamhoji mwanawe. Tamthilia ya tamasha haina kitabu dukani. Huishi jukwaani kwa muda mfupi, na mzazi asipoiona pale huenda asiione kamwe. Aliyelifunga jukwaa kwa jina la kuwalinda watoto alimfungia mzazi pia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi wawakilishi katika bodi za shule. Sioni kwa nini miswada ya tamasha isifikishwe kwao kabla ya mazoezi kuanza. Najua hatari yake: mzazi naye aweza kuwa mkali kuliko askari. Ila atalazimika kutaja onyesho na ukurasa, na mwandishi atakuwa na la kujibu.