Nani Zimwi? Riwaya ya Matheson na Sinema Zake Tatu

Zipo riwaya za kisayansi zinazobuni ulimwengu baada ya maangamizi makuu: vita au maradhi yameifyeka jamii, na wachache waliosalia wanahangaika kuishi. Riwaya hizo mara nyingi hugeuzwa kuwa sinema, na katika kugeuzwa huko fani hubadilika. Hilo si kosa. Swali linalomhusu mhakiki ni hili: je, dhamira nayo hubadilika? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia I Am Legend, riwaya ya Mmarekani Richard Matheson iliyochapishwa mwaka 1954, na sinema tatu zilizotokana nayo.

Mhusika mkuu, Robert Neville, anaishi peke yake mjini Los Angeles baada ya bakteria kuwageuza binadamu wenzake kuwa wanyonya damu. Usiku hujifungia ndani, huku jirani yake wa zamani, Ben Cortman, akimwita atoke nje. Mchana huzunguka mjini akiwaua waliolala. Msomaji humwona shujaa, kwa sababu kila jambo hulitazama kwa macho yake. Mwishoni mtunzi anayapindua yote hayo. Miongoni mwa waliougua wamo waliopata dawa ya kutuliza ugonjwa, nao wanajenga jamii mpya. Neville amewaua wengi wao, akiwamo mume wa Ruth, mwanamke aliyetumwa kumpeleleza. Anapokamatwa na kuuona umati ukimtazama kwa hofu, anatambua kwamba kwao yeye ndiye zimwi, na kwamba atabaki kuwa kisa cha kutisha. Hiyo ndiyo maana ya jina la kitabu.

Sinema ya kwanza, The Last Man on Earth ya mwaka 1964, iliyotengenezwa Italia, ndiyo iliyo karibu zaidi na riwaya. Hata hivyo, humo shujaa anamponya Ruth kwa damu yake, na anakufa kanisani akiwa bado anawadharau wauaji wake. The Omega Man ya mwaka 1971 inakwenda mbali zaidi: wagonjwa ni kundi la washupavu wanaochukia sayansi, naye Neville anakufa amenyosha mikono kama msalabani, akiacha damu yenye kinga. Katika sinema ya mwaka 2007, iliyohamishiwa New York, Neville anajilipua ili dawa aliyoigundua iwafikie walionusurika. Zimwi wa Matheson amekuwa mwokozi.

Huenda mtu akadai kwamba sinema, kwa asili yake, haiwezi kubeba mapinduzi ya namna ile. Dai hilo halina nguvu. Watengenezaji wa sinema ya 2007 walikwisha kupiga mwisho mwingine, ambao baadaye ulitolewa kwenye diski. Humo kiongozi wa wagonjwa anakuja kumchukua mwenzake wa kike aliyefungwa maabara. Neville anamrudisha na kuomba radhi, kisha anazitazama picha za wale waliokufa katika majaribio yake. Mwisho huo uliachwa baada ya watazamaji wa majaribio kutoupenda. Fani, basi, iliweza. Kilichokosekana ni ujasiri wa kumwacha mtazamaji aondoke akiwa na wasiwasi juu ya nafsi yake.

Jambo hili latuhusu. Katika ngano zetu, kisa cha zimwi husimuliwa na aliyesalimika. Zimwi mwenyewe haulizwi. Tena sisi ni wajukuu wa watu walioitwa washenzi katika vitabu vya wageni waliopita nchini mwao. Twajua kwamba anayeshika kalamu, na leo anayeshika kamera, ndiye agawaye majina ya shujaa na mnyama. Riwaya ya Matheson inaufichua uwezo huo. Sinema zake, kwa jumla, zinautumia bila kuuhoji.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kuwauliza wanafunzi kama sinema imefuata kitabu. Awape kazi ya kukisimulia upya kisa hiki kwa kinywa cha Ruth, mjane wa mtu aliyeuawa usingizini. Mwanafunzi atakayeiandika hadithi hiyo kwa haki atakuwa amejifunza uhakiki, na pengine atasita kidogo siku atakaposikia binadamu mwenzake akiitwa zimwi.